Ukuta umepasuka: nani athibitishe ni mgodi?

1/ Mijadala ya madini hapa kwetu huishia kwa swali moja: "Wananchi watalipwa pesa ngapi?" Ni swali zuri, lakini kuna lingine linalotangulia, na husikii likiulizwa jukwaani: nyumba ikipasuka, nani anafaa kuthibitisha kwamba mgodi ndio uliipasua? Mimi naona Ujerumani ina somo hapa. Twende.

2/ Kwanza, nyumba hupasukaje na wachimbaji wako mamia ya mita chini? Eneo la Ruhr lilichimbwa makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja. Makaa yakishatolewa, pengo linaachwa liporomoke. Mwamba wa juu unashuka, mwishowe ardhi yenyewe inabonyea. Kuna sehemu za Ruhr zimeshuka zaidi ya mita 20.

3/ Shida ni kwamba ardhi haishuki sawasawa. Upande mmoja wa nyumba unatangulia, mwingine unabaki. Kuta zinapasuka, milango inakataa kufunga, nyumba inainama. Na eneo linalobonyea ni pana kuliko lile lililochimbwa, kwa hivyo hata jirani wa mbali kidogo anaumia.

4/ Sasa leta kanuni ya kawaida ya korti, ile iko pia kwenye Sheria yetu ya Ushahidi: anayedai ndiye athibitishe. Inakaa haki, sivyo? Lakini ramani za mgodi ziko kwa nani? Kampuni. Vipimo vya miamba je? Kampuni. Mwenye nyumba ana ufa tu.

5/ Ujerumani iliuhamisha mzigo huo. Sheria yao ya madini, iliyoanza kutumika 1982, inasema hivi: nyumba ikiwa ndani ya eneo linaloathiriwa na mgodi wa chini kwa chini, na uharibifu ni wa aina ambayo mgodi huleta, basi itachukuliwa kwamba ni mgodi. Kampuni ikikataa, ilete ushahidi.

6/ "Si watu watadai hata nyufa za zamani?" Hoja ya maana. Ndiyo sababu kuna kinga: ikithibitika kwamba uharibifu unaweza kuwa umetokana na kasoro ya wazi ya ujenzi, au hali asilia ya ardhi, mwenye nyumba hapati tena nafuu hiyo. Kwa hivyo si pesa za bure.

7/ Na mgodi ukifungwa? Mgodi wa mwisho wa makaa ya Ruhr, ulioko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Madai ya nyumba hayakufungwa nao, kwa sababu ardhi haijui tarehe ya kampuni kuondoka.

8/ Turudi Kenya. Sheria ya Madini ya 2016 inatambua fidia ya majengo yaliyoharibiwa. Lakini haki usiyoweza kuithibitisha ni karatasi tu. Kwa hivyo mtu akija kuwaahidi fidia, muulizeni:
- Mzigo wa ushahidi utabebwa na nani?
- Nani atakagua na kupiga picha nyumba zetu KABLA ya uchimbaji kuanza, na nakala tutapewa?
- Kampuni ikienda, pesa za kulipa nyufa za baadaye zitakuwa zimewekwa wapi?

Akijibu "mtalipwa, msijali", bado hajajibu.