Volyumu isiyokula umeme: swichi na transfoma zinazostahili fedha yako

Mashine ya CD ilipoingia madukani mwaka 1982 ilikuja na jambo ambalo wasikilizaji wengi hawakulitilia maanani: nguvu ya mawimbi yake. Sindano ya sumaku ya kuchezea santuri hutoa takriban volti 0.005, kiasi ambacho bila kukuzwa sana hakiwezi kuamsha spika. CD hutoa volti 2 sauti inapofika kileleni. Amplifaya nyingi za nyumbani hufika ukomo wa uwezo wao zikipewa volti 1 tu, nyingine moja na nusu. Kwa hiyo priamplifaya, kile kisanduku cha katikati kilichobuniwa kukuza mawimbi madogo, leo katika nyumba nyingi hakikuzi kitu. Kazi yake ni kupunguza.

Ndiyo maana watu wanaojenga redio zao wenyewe, kuanzia Uingereza na Marekani hadi Japani, walianza kujiuliza kwa nini kazi ya kupunguza ihitaji transista, kapasita na umeme wa ukutani. Jibu lao ni priamplifaya isiyotumia umeme. Ukifungua kisanduku chake utakuta soketi za kuingizia sauti, swichi ya kuchagua chanzo, kitu kimoja cha kupunguza nguvu, na soketi za kutolea. Hakuna waya unaokwenda kwenye plagi, kwa hiyo hata kijana anayeanza kushika lehemu anaweza kukijenga mezani bila kuhofia kupigwa shoti. Naipenda kazi hii kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine kubwa zaidi: vitu vichache vikiwa ndani ya kisanduku, ubora wa kila kimoja unasikika.

Njia rahisi ya kupunguza ni ile volyumu ya kawaida, utepe wa kaboni wenye kidole kinachotambaa juu yake. Ni rahisi kuipata na bei yake ni ndogo, ila ina dosari mbili ambazo fedha kidogo haziziondoi. Ya kwanza ni usawa wa kulia na kushoto. Volyumu ya stereo ni tepe mbili juu ya mhimili mmoja, na tepe hizo hazifanani, hasa mwanzoni mwa mzunguko ambako ndiko tunakosikilizia usiku watoto wakiwa wamelala. Mpigaji fidla aliyeketi katikati ya kikundi cha taarabu anahamia upande mmoja, ukiongeza sauti anarudi mahali pake.

Dosari ya pili ni ukinzani wa kutolea, na hapa nawaomba wasomaji wavumilie hesabu, kwa sababu wengi wamenunua volyumu isiyofaa kwa kutoijua. Ukinzani wa kutolea wa volyumu, katika hali mbaya kabisa, ni robo ya thamani iliyoandikwa mgongoni mwake. Volyumu ya kiloomu 100 hufika kiloomu 25. Waya wa sauti wenye ngao huwa na kapasitansi ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Tandika mita 5 kati ya kisanduku na amplifaya, na sauti nyembamba zinaanza kukatwa: zikifika hezi 12,700 zimekwisha kushuka desibeli 3, ilhali sikio la kijana husikia hadi karibu 20,000. Matoazi yanapoteza mng'ao. Badilisha iwe volyumu ya kiloomu 10 na mpaka huo unaruka hadi hezi 127,000, mbali na sikio lolote. Lakini chanzo chako sasa kinasukuma mzigo wa kiloomu 10, na vyanzo vya valvu vya zamani havikuzoea mzigo mzito namna hiyo. Unachokiokoa upande mmoja unakilipa upande mwingine.

Transfoma ndiyo inayotutoa katika mtego huo. Ni kama mtaimbo: unachopoteza katika mwendo unakipata katika nguvu. Rezista hugeuza kuwa joto kile isichokihitaji. Transfoma inapopunguza volti huongeza uwezo wa kutoa mkondo. Ukipunguza volti mara kumi, yaani desibeli 20, ukinzani wa chanzo unaonekana umepungua mara mia. Chanzo cha omu 200 kinaonekana kwa amplifaya kama omu 2, ukiongeza ukinzani wa shaba ya koili yenyewe. Na mzigo wa amplifaya wa kiloomu 10 unaonekana kwa chanzo kama megaomu 1. Kila upande unapumua. Zaidi ya hapo, transfoma yenye koili mbili zisizogusana huvunja mzunguko wa athi kati ya vyombo, ule mvumo wa hezi 50 unaowasumbua wengi walioshindwa kuutibu kwa kubadilisha nyaya.

Transfoma ya kazi hii hutolewa matawi mengi kwenye koili yake ya pili, kila tawi likiwa kiwango kimoja cha sauti, na swichi ya kuzungusha huchagua tawi. Uzuri na ubaya wake umo katika kiini. Kiini kinachofaa ni aloi yenye nikeli karibu asilimia 80, kwa sababu hupitisha sumaku kwa wepesi hata mawimbi yanapokuwa madogo mno, mwangwi wa mwisho wa wimbo unapofifia. Chuma chenye silikoni, kile cha transfoma za umeme, huzembea kwenye viwango hivyo.

Aloi hizi zina historia inayopita baharini. Mojawapo, iitwayo mumetal, ilipewa hataza mwaka 1923 na Willoughby Smith na Henry Garnett wa Uingereza. Hawakuwa na muziki akilini. Walitafuta waya wa kuzungushia shaba ya nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari, ili maandishi yapite haraka zaidi. Pwani yetu iliunganishwa na mtandao wa namna hiyo mapema, mwaka 1879, waya kutoka Aden ulipofika Unguja ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, zaidi ya miaka arobaini kabla ya aloi hiyo kubuniwa. Kilichovumbuliwa ili simu ya maandishi isichelewe ndicho kinachobeba leo sauti ya gitaa sebuleni.

Nikeli ina udhaifu wake. Hushiba sumaku mapema, kwenye takriban tesla 0.8, ilhali chuma chenye silikoni huvumilia karibu 2. Besi ndiyo inayoshibisha: kwa volti ileile, hezi 20 huweka kwenye kiini sumaku mara mbili ya ile ya hezi 40. Kwa hiyo unapochagua transfoma, uliza inabeba volti ngapi kwenye hezi 20 kabla ya kuharibu sauti. Karatasi inayotaja volti bila kutaja masafa haijakwambia kitu. Uliza pia indaktansi ya koili ya kwanza. Henri 100 mbele ya chanzo cha omu 600 huanza kupoteza besi karibu na hezi 1, na hiyo ni salama kabisa. Henri 5 mbele ya chanzo kilekile hupandisha mpaka huo hadi hezi 19, na hapo ngoma kubwa inakonda.

Mkondo usiobadilika, ule wa DC, nao ni adui. Ukivuja kutoka kwenye chanzo huacha kiini na sumaku ya kudumu na kuharibu usawa wa mawimbi. Pima chanzo chako kwa mita kabla ya kukiunganisha. Ukikuta DC, weka kapasita njiani. Na usipime koili hizi kwa mita ya omu bila sababu, maana mita yenyewe hupitisha DC. Tena usiiangushe transfoma, wala usitoboe kopo lake la mumetal. Aloi hii ikipigwa au kupindwa hupoteza wepesi wake wa kupitisha sumaku, na kuurudisha kunahitaji tanuri la hidrojeni.

Majina yaliyojijengea heshima ni machache. Sowter wa Ipswich, Uingereza, kampuni iliyoanza 1941, wamesuka transfoma za volyumu. Stevens & Billington, nao wa Uingereza, wanajulikana miongoni mwa wajenzi kwa kazi hiyohiyo. Wapo pia wanaosuka koili moja tu yenye matawi, isiyotenganisha pande mbili. Aina hiyo hutumia shaba kidogo na hufika mbali zaidi kwenye sauti nyembamba, ila haivunji mvumo wa athi. Ikiwa nyumba yako haina mvumo, ni chaguo jema.

Kuna transfoma ambazo ni rahisi kuzipata na zinawavuta watu, nami nasema waziache. Zile za laini ya volti 100 zinazofungwa kwenye spika za misikiti, makanisa na shule zimetengenezwa kwa ajili ya hotuba na nguvu kubwa. Zile ndogo za omu 600 kwa 600 zilizotolewa kwenye modemu za zamani zina kiini kidogo mno. Besi ya kwanza tu inazishibisha.

Tuje kwenye swichi, ambako wajenzi wengi hubana matumizi baada ya kumaliza fedha kwenye transfoma. Hatua ya desibeli 2 ni kuongeza au kupunguza volti kwa kama robo, badiliko ambalo sikio hulisikia bila kushtuka. Swichi ya vituo 24 ikitengewa kituo kimoja cha ukimya inakupa desibeli 44 kwa hatua hizo, na hizo zinatosha sebule yoyote. Swichi ya vituo 12, ambayo ndiyo nyingi madukani, inakulazimisha kuruka desibeli 4 kila mara: kituo hiki sauti ndogo, kinachofuata kubwa. Usiinunue kwa volyumu. Itumie kuchagua vyanzo.

Unahitaji tabaka mbili juu ya mhimili mmoja, moja ya kulia na moja ya kushoto. Hakikisha pia swichi ina kizuizi cha mwisho. Nasisitiza hili kwa nguvu. Swichi ya vituo 24 hugeuka nyuzi 15 kwa kila kituo, na 24 zikifuatana zinakamilisha duara. Bila kizuizi, mkono unaorudisha sauti hadi ukimya ukizidisha kituo kimoja unaangukia kwenye sauti ya juu kabisa, na koni ya spika inaweza kuchanika papo hapo.

Jambo la pili ni namna swichi inavyohama. Zipo zinazogusa kituo kipya kabla ya kuachia cha zamani, na zipo zinazoachia kwanza. Ya kuchagulia vyanzo iwe ya kuachia kwanza, bila mjadala, ili vyombo viwili visiunganishwe hata kwa sekunde moja. Kwenye volyumu ya transfoma maoni yanagawanyika. Inayogusa kwanza hufunga kwa muda kipande cha koili kati ya matawi mawili. Inayoachia kwanza huiacha amplifaya ikining'inia bila kitu, na unasikia mlio wa kukatika. Mimi naunga mkono inayogusa kwanza. Kwenye sauti za kawaida kipande kinachofungwa ni kidogo sana kulinganisha na koili nzima, na chanzo chenye ukinzani mdogo hakikioni kama mzigo wa maana. Mwenye chanzo cha valvu chenye ukinzani mkubwa achukue inayoachia kwanza, na aweke rezista ya kiloomu 100 au zaidi kutoka tokeo hadi athi. Ikiwa aliyesuka transfoma ameandika maelekezo yake, yafuate hayo.

Tatu ni vigusio. Fedha hupitisha umeme kuliko madini yote, lakini hubadilika rangi na kushika utando wa salfaidi. Kwenye mikondo mikubwa utando huo huvunjwa na umeme wenyewe. Mawimbi madogo ya muziki hayana ubavu huo. Anayeishi Tanga, Lamu au Unguja, kwenye unyevu na hewa ya chumvi, achague vigusio vilivyopakwa dhahabu, ambayo haishiki kutu. Elma wa Uswisi hutengeneza swichi za namna hiyo, nao Seiden wa Japani wanaheshimiwa. Swichi nzuri utaijua hata kwa mkono: inaingia kituoni kwa uthabiti na haisiti katikati.

Kulehemu kunataka subira. Matawi 23 kwa kila upande ni viungo karibu 50. Funga kipande cha utepe wa karatasi chenye namba kwenye kila waya kabla hujaanza, kwangua vanishi ya shaba hadi ing'ae, na usikawize joto kwenye mguu wa swichi, plastiki itayeyuka. Ziweke transfoma mbili zikiwa zimekingamana kwa nyuzi 90 ili sumaku ya moja isiingie kwenye nyingine, na kisanduku kizima kikae mbali na transfoma ya umeme ya amplifaya.

Anayetaka kuanza ilhali mfuko wake haujatuna, anunue kwanza swichi: vituo 24, tabaka mbili, vigusio vya dhahabu, aina ya kugusa kwanza. Aipangie rezista za asilimia 1 zenye jumla ya kiloomu 10, na nyaya za kwenda kwenye amplifaya zisizidi mita chache. Tayari atakuwa na volyumu iliyo sawa kulia na kushoto. Fedha ikipatikana, rezista zitatolewa na transfoma zitawekwa kwenye swichi ileile. Lakini kabla ya yote asome mgongoni mwa amplifaya yake, au kwenye kitabu chake: ikiwa inahitaji zaidi ya volti 2 ili kutoa nguvu zake zote, priamplifaya hii haimfai.