Umenunua Njumu za Kaboni? Poa, Lakini Joto la Junju Halijui Bei

Kama unakimbia huku kwetu Junju, Kilifi Kusini, ama unapanga kuanza, kuna kitu muuza viatu hatakuambia: ile spidi unaona wasee wa Iten wakipost si yako, na hakuna njumu itakupatia. Si ati wewe ni mlaini. Ni hewa. Iten iko kama mita 2,400 juu, na asubuhi huko ni baridi. Junju tuko karibu na bahari, na saa mbili asubuhi fulana imelowa kabla hujafika lami ya Mombasa–Malindi.

Kwa hivyo kabla utoe ganji, elewa hii story vizuri. Itakuokolea doo, na siku ikiwa mbaya itakuokolea maisha.

Mbona unaungua hivyo?

Ukikimbia, karibu robo tu ya nguvu unayochoma ndiyo inakusukuma mbele. Ingine yote inageuka joto. Mwili unatoa hilo joto kwa jasho, lakini sikiza: jasho kutoka peke yake haisaidii, lazima likauke. Likikauka ndio linabeba joto. Sasa huku Pwani hewa imeshajaa unyevu, kwa hivyo jasho linadondoka tu mchangani kama mfereji mbovu. Umepoteza maji, umepoteza chumvi, na joto bado liko ndani. Moyo nao unapiga mbio zaidi, kwa sababu ngozi inataka damu ipoe na miguu inataka damu ikimbie.

Na hii haichagui msee. Septemba 2019, mashindano ya dunia kule Doha, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku ndio wakwepe jua. Bado joto lilipita digrii 30 na unyevu ulipita asilimia 70. Wanawake 68 walianza, 28 hawakumaliza. Dhahabu ilichukuliwa na Mkenya, Ruth Chepngetich, kwa saa 2:32:43. Januari mwaka huo huo, Dubai, alikuwa amekimbia 2:17:08. Yaani aliongeza dakika 15 na bado akawa bingwa wa dunia. Hiyo siku haikuwa ya kulazimisha spidi ya Dubai.

Kimbia na pumzi, si na saa

Mimi hukimbia barabara za vumbi, kati ya minazi na mikorosho, nikielekea upande wa mashamba ya mkonge ya Vipingo. Kilomita 10 zile zile, nikijikaza vile vile, Machi huwa nachelewa dakika tano ama sita kuliko Julai. Machi ni mwisho wa Kaskazi, joto limekaa tu. Julai Kusi inapuliza, unapata afueni. Ukiangalia saa peke yake utadhani umerudi nyuma, kumbe ni msimu.

Kipimo ni rahisi: kwa mazoezi ya kawaida, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa, punguza. Kama umetoka bara juzi, ama ulikuwa umelala miezi, jipe siku 10 hadi 14 za mbio fupi fupi. Kwa huo muda damu inaongezeka maji, unaanza kutoa jasho mapema, na chumvi inapotea kidogo kuliko mwanzo. Hiyo mashine unajengewa bure.

Toka alfajiri. Ni kweli unyevu uko juu hiyo saa, lakini jua halijakushika. Vaa reflekta kama za watu wa boda, kwa sababu ukivuka highway na giza, dereva wa lori hakuoni.

Haya, njumu sasa

Tusidanganyane, hivi viatu vinafanya kazi. Nike walipotoa Vaporfly 4% mwaka 2017, vipimo vya maabara vilionyesha mkimbiaji anaokoa wastani wa asilimia 4 ya nguvu. Moto ukawaka mpaka 2020 World Athletics ikasema soli ya mbio za barabarani isipite milimita 40, na ndani kuwe na kipande kimoja tu kigumu. Mwaka 2023, Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi kule Berlin kwa 2:11:53 akiwa na Adidas ya gramu 138. Bei yake? Dola 500. Hiyo ni zaidi ya 60,000 za Kenya, kwa kiatu kilichotengenezewa mbio moja tu.

Lakini hao wote walikuwa kwa lami safi. Njia zetu ni mchanga, mawe ya matumbawe na mizizi ya mikorosho. Soli ndefu laini hapo inayumba, na kifundo ndicho kitalipa. Halafu hakuna sponji inayokausha jasho.

Ukienda Kongowea kwa mitumba, usinunue rangi. Weka viatu mezani: vikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alivimaliza. Finya soli na kidole: ikiwa ngumu kama mti ama imejaa mikunjo, sponji imekufa. Kunja mbele, uone kama gundi inaachia. Na uache nafasi ya kidole gumba mbele, kwa sababu mguu huvimba ukipata joto.

Baki inunue kofia, fulana nyepesi isiyo ya pamba, na mafuta ya mgando ya mapaja na kwapa. Ukirudi nyumbani uoge bila kupiga nduru, utanishukuru.

Maji, chumvi, na madafu

Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, lakini jasho hutoa zaidi sodiamu, na hiyo kwa dafu ni kidogo. Ukipita saa moja mbioni, tafuta ORS ya chemisti. Ukikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima vizuri, usiongeze chumvi.

Pia usijijaze maji matupu kama tanki. Boston 2002, watafiti walipima wakimbiaji 488 baada ya marathoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka kuliko kawaida. Wengi wa hao walikunywa mpaka wakaongeza uzito wakiwa mbioni. Kunywa kwa kiu.

Hapa hakuna mzaha

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea vitu havieleweki, ama akipoteza fahamu, usimwambie akaze roho. Joto la mwili likipita digrii 40 na akili ikachanganyikiwa, ubongo na figo ziko hatarini. Mweke kivulini, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mwite mtu wa gari hapo hapo. Kupoza kunaanza kabla ya safari ya hospitali. Na usimlazimishe kunywa kama hajielewi.

Ukipanda Nairobi Oktoba

Wengi wetu tunatamani Standard Chartered Nairobi Marathon. Huko utapata baridi ya kupendeza, lakini ni karibu mita 1,800 juu na oksijeni ni kidogo. Anza polepole zile kilomita tano za kwanza, hata kama mbogi nzima inakupita. Mtu wa Junju ameshazoea kukimbia bila kulazimisha spidi. Hiyo hauwezi kuinunua dukani, na hao wa mbele wengine wao utawapata kilomita ya 15 wakitembea.