Poto wa Kakamega: Cheki Vile Mnyama wa Usiku Huwekwa Kwa Ramani

Kama umewahi kutembea msitu wa Kakamega mchana, umeona kima na mbega wakiruka juu ya miti bila noma. Lakini kuna jirani yao ambaye hata wasee waliozaliwa Isecheno ama Buyangu huenda hawajawahi kumwona. Anaitwa poto, na shift yake huanza wewe ukiwa umelala.

Poto ni nani?

Ni wa ukoo mmoja na komba, lakini tabia ni tofauti kabisa. Komba huruka kama mpira. Poto hana haraka na mtu. Anatembea polepole, akishika tawi kwa nguvu kama makanga aliyening'inia kwa mlango wa matatu. Ana uzito wa karibu kilo moja, macho makubwa na mkia mfupi. Anadishi matunda, utomvu wa miti na wadudu. Akihisi ngori, anaganda hapo hapo mpaka hatari ipite.

Kumbuka Kakamega ni kipande cha mashariki cha msitu wa mvua uliokuwa umetanda kutoka Kongo kupitia Uganda. Ndiyo maana unapata poto huku na si kule Naivasha.

Sasa, unamwekaje kwa ramani?

Unavaa tochi kichwani na kutembea njia moja polepole sana, ukimulika miti. Nyuma ya jicho la poto kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hivyo macho yake huwaka gizani kama makaa mawili. Ukiyaona, unaandika saa, aina ya mti, urefu kutoka chini, na mahali penyewe kwa GPS. Kesho unarudia njia hiyo hiyo. Usiku mmoja hautoshi, juu poto akikupa mgongo, umempita bila kujua.

Komba ni rahisi kidogo, kwa sababu wana kelele. Kuna aina za komba zinazofanana sana kwa sura, lakini kila moja ina mlio wake, kwa hivyo watafiti huzitofautisha kwa kurekodi sauti. Poto naye huwa kimya karibu kila wakati. Hapo ni macho yako tu.

Doti moja ya 1938

Sasa cheki hii. Mwaka 2007, watafiti Tom Butynski na Yvonne de Jong walichapisha kazi yao kuhusu mahali poto wanapatikana Afrika Mashariki. Ndani yake walimtambulisha poto wa Mlima Kenya, ng'ambo ile nyingine ya Bonde la Ufa, mbali kabisa na Kakamega. Ushahidi wao ulikuwa mnyama mmoja tu, aliyekusanywa 1938. Mlima mzima, doti moja.

Hiyo doti inakufunza kusoma ramani. Mahali patupu hapamaanishi hakuna mnyama. Pengine hakuna mtu amewahi kupita hapo usiku na tochi. Na doti ya zamani haimaanishi mnyama bado yuko. Ukikosea la kwanza, msitu unakatwa watu wakisema "hapo hakuna kitu." Ukikosea la pili, mnatulia mkidhani mambo ni fiti kumbe mnyama aliisha kitambo.

Kwa nini hii ni serious

Msitu wa Kakamega umekatika vipande. Kisere na Malava vimebaki kando, katikati kukiwa na mahindi, miwa na maboma ya watu. Komba anaweza kuruka nafasi. Poto haruki, anataka matawi yanayogusana. Kwake, shamba lisilo na miti ni kama ziwa kwa mtu asiyejua kuogelea. Ramani nzuri huonyesha ni wapi poto amefungiwa, na ni wapi mstari wa miti ya kienyeji unaweza kumfungulia njia.

Wewe je?

Ukienda ocha na usikie komba akilia usiku, rekodi na simu, kisha uweke sauti, tarehe na mahali kwa iNaturalist. Ni bure, na watafiti hutumia data kama hiyo. Usiingie msituni usiku bila mlinzi ama gaidi anayejua njia. Na msee akikuuzia komba wa kufuga kejani, hepa: sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumweka bila kibali. Doti yake iko kwa mti, si kwa keja yako.