Koneksheni Ngapi Zinatosha? Swali Limekosewa

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa kijana wa Hedaru mwenye shahada ya uhasibu: ili apate kazi, anatakiwa awe na koneksheni ngapi? Vijana wa Same, wa mjini na wa milimani, hawachoki kuniuliza hivyo, na kila mmoja anataka atajiwe namba. Mia tano? Elfu moja? Sitaitaja, kwa sababu swali lenyewe limekosewa, na kosa hilo linawala vijana hawa fedha na miaka.

Linatokana na imani inayohubiriwa kwenye semina za ujasiriamali, kwamba thamani ya mtu ni wingi wa watu anaofahamiana nao. Imani hiyo imeshazaa biashara. Yapo makundi ya WhatsApp ya "koneksheni za ajira" yanayotoza kiingilio, na kwa kuwa kundi moja sasa linabeba hadi watu 1,024, mwenye kundi anavuna. Aliyelipa anapata nini? Humo ndani wamejaa watafuta kazi wenzake, mwajiri hayumo. Tangazo linalorushwa limenakiliwa kutoka Ajira Portal, tovuti ya serikali ya ajira, ambako angelisoma bila kulipa, na linawafikia wote kwa dakika ileile. Habari ambayo washindani wako wote wanayo haikusogezi hata hatua moja mbele yao. Umetoa hela yako ukaongezwe kwenye foleni.

Kisha anatokea humo humo mtu anayedai ana ndugu Sekretarieti ya Ajira, anaomba hela ya soda ili jina lako lipite. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal hakulipiwi. Anayekuomba hela ni tapeli, na kama si tapeli basi ni mla rushwa, na ukimpa mmekuwa wahalifu wawili. Nimelisema hili mara nyingi, na bado watu wanatuma.

Wanaotetea wingi hupenda kumtaja mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliyewachunguza mameneja, wataalamu na mafundi waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, jirani na Boston. Ni kweli, kitabu chake cha mwaka 1974 kinaonyesha kwamba asilimia 56 walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Wahubiri wa semina hukomea hapo. Lakini Granovetter aliuliza pia: ulikuwa ukionana na mtu huyo mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye walau mara mbili kwa wiki walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kuliko hapo, ingawa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu. Unaoshinda nao wanajua unachokijua wewe. Habari mpya huletwa na anayeishi penye mambo mengine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliowahusu watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano, ulifika karibu na hapo hapo: waliosaidia zaidi ni wale ambao mtu anafahamiana nao kiasi. Mnapokuwa na marafiki wengi mno wa pamoja, faida inapungua. Na yule anayenitajia namba 150 ya mtafiti Robin Dunbar aelewe kwamba ilitokana na kulinganisha ubongo wa jamii ya nyani na ukubwa wa makundi yao, mwaka 1992. Inahusu idadi ya watu ambao mtu anaweza kudumisha uhusiano nao. Juu ya ajira haisemi neno.

Anayetaka kuliona jambo hili bila vitabu apande milimani Mamba Miamba msimu wa tangawizi. Mkulima mwenye namba za madalali ishirini akiwapigia wote atatajiwa bei moja, kwa sababu madalali hao huzungumza wao kwa wao. Jirani yake anamjua muuzaji mmoja wa Kariakoo na dereva mmoja anayepeleka mizigo Nairobi. Huyo anaijua bei ya sokoni kabla gunia halijashonwa. Watu wawili wamemfaa kuliko ishirini, kwa kuwa hao wawili hawajuani.

Wingi una mahali pake, sikatai. Januari 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka Same kuipinga kodi ya mbiru, na ile kodi hatimaye ikaondolewa. Pale palihitajika umati, kwa sababu kazi ilikuwa kuisukuma serikali ya kikoloni. Kumshawishi mwajiri mmoja akuamini ni kazi nyingine kabisa. Hapo anahitajika mtu mmoja aliyeona unavyofanya kazi na aliye tayari kukudhamini kwa jina lake. Hakuna anayeliweka jina lake rehani kwa ajili ya mtu anayemjua kwa picha ya wasifu tu.

Basi fanya hivi. Jisajili mwenyewe Ajira Portal na uisome mwenyewe. Pitia simu yako, utafute watu watano ambao hamjazungumza mwaka mzima na ambao hawajuani: mwalimu wako wa zamani, uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo, binamu aliyehamia Tanga, mhasibu wa chama cha ushirika, mzee wa kanisa au msikiti mwenye duka. Wapigie, usiwatumie ujumbe uliounakili. Sema kwa sentensi moja unachokiweza. Usiombe kazi, omba habari: nani anafungua ofisi, nani anazidiwa na hesabu za mwisho wa mwaka. Jitolee mahali ambapo kazi yako itaonekana, kwa muda mliokubaliana, usiwe mtumwa. Usiwategemee mliohitimu nao pamoja peke yao, wote mnatafuta kitu kimoja. Jitoe kwenye makundi ya kulipia leo hii. Na kila aliyekusaidia mpelekee jibu ndani ya wiki hiyohiyo, hata kama usaili ulikushinda.