Je, Wajua? Jicho Linapobadili Shabaha

Je, wajua kwamba mzee wa Mbale, Uganda, aliyezoea miwani, akianza kusoma gazeti bila miwani, huenda hajapona? Ndugu hushangilia, na mimi huwaonea huruma. Mara nyingi huyo ni mtoto wa jicho. Kiini cha lenzi kinapokuwa kigumu hupinda mwanga kupita kiasi: karibu kunang'aa, mbali kunafifia, kisha ukungu hufunga kote. Dawa yake ni upasuaji, na wengi huona tena.

Je, wajua kwamba sukari ikipanda katika damu, lenzi hubadilika umbo? Mgonjwa wa kisukari asinunue miwani kabla sukari haijatulia, kwani ya leo yaweza isimfae mwezi ujao.

Fundi cherehani wa miaka 45 anayesogeza sindano mbali ili aone tundu lake? Huo ni umri tu.

Je, wajua kipimo cha tundu la sindano? Toboa kadi kwa sindano, funika jicho moja, chungulia herufi tunduni kwa lile jingine. Herufi zikitulia, yaelekea miwani itasaidia. Zisipobadilika, wahi kwa matabibu wa macho. Jinja kuna hata chuo kinachowafundisha.

Maana upo ukungu usiojua miwani, na Jinja iliujua vizuri. Kwenye maporomoko ya Nile walizaana inzi weusi wadogo ambao wenyeji waliwaita mbwa, kwa ukali wa kuuma kwao. Ndio waliosambaza usubi, upofu wa mtoni: watoto wa minyoo hufia ndani ya jicho na kuacha makovu kwenye konea. Miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipojengwa hapo na kufunguliwa (1954), dawa ya wadudu ya DDT ilimwagwa mtoni, na mwishowe mbwa wakatoweka.

Mlima Elgon, juu ya Mbale, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Je, wajua kwamba huko mabuu ya inzi wa usubi yalijishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni? Unamtafuta inzi, unamkamata kaa! Tangu 2007 watu walipewa ivermectin mara 2 kwa mwaka. Dawa hiyo huua watoto wa minyoo, lakini mnyoo mzima huendelea kuishi miaka 10 na zaidi. Ndiyo sababu wagawa dawa walirudi kubisha hodi hata katika nyumba ambazo hakuna aliyekuwa akijikuna tena kwa usubi.