Gari likichemsha, tafuta maji yanakokwenda kabla ya kufungua injini

MSIMU wa kuvuna mpunga unapofika katika bonde la Rukwa, magari madogo ya mizigo hayapumziki. Magunia hutoka Majimoto, Usevya na Kibaoni, hupita Sitalike na kuingia Mpanda mjini, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Katika safari hizo si ajabu kumkuta dereva aliyebeba dumu la maji nyuma ya kiti. Akisafiri kidogo husimama, huongeza maji kwenye rejeta, kisha huendelea.

Wapo wamiliki wanaoona kuwa hilo ni suluhisho. Hata hivyo, mfumo wa kupoza injini umefungwa, na gari lisilo na kasoro halihitaji kuongezwa maji kila siku. Yakipungua, ipo njia yanayotokea. Kuongeza maji bila kuijua njia hiyo ni sawa na kujaza gunia lililotoboka.

Hasara yake inahesabika. Tuseme gari linabeba magunia 30 na nauli ni Sh5,000 kwa gunia. Safari moja inaingiza Sh150,000. Likilala gereji siku 10 katikati ya msimu, mapato ya Sh1.5 milioni yamekosekana kabla ya kutoa gharama za mafuta, na fundi bado hajalipwa.

Swali la kwanza

Mwenye gari anapaswa kumuuliza dereva: maji yalipungua kwanza ndipo joto likapanda, au joto lilipanda kwanza ndipo maji yakamwagika? Jibu hilo huokoa fedha nyingi.

Kama joto lilitangulia, wa kushukiwa ni feni isiyozunguka vizuri, mkanda uliolegea, themostati iliyokwama au rejeta iliyoziba. Katika barabara za vumbi, rejeta huziba kwa nje kwa mavumbi, wadudu na mbegu za nyasi. Kwa ndani huziba kwa kutu na ukoko wa maji ya chumvi ya kisimani. Kuisafisha ni kazi nafuu kuliko kufungua injini.

Kuvuja kwa nje

Kama maji yalitangulia kupungua, uchunguzi uanze asubuhi injini ikiwa baridi. Boksi la karatasi likitandikwa chini ya gari usiku kucha, litaonyesha tone lilipodondokea. Kisha ikaguliwe mipira ya rejeta, vibano vyake na pampu ya maji. Pampu ina tundu dogo kwa chini. Michirizi ya kutu au weupe hapo ni dalili kuwa sili yake imekwisha.

Kifuniko cha rejeta nacho kisidharauliwe. Mpanda mjini, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji katika sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 au 97 hivi. Kifuniko kizima hubana mgandamizo na kupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, maji huchemka mapema na kutoka, ingawa injini haina ugonjwa wowote.

Kuvuja kwa ndani

Pasipoonekana tone lolote nje, ndipo gasketi ya silinda hedi ishukiwe. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta iliyofunguliwa kabla ya kuwasha injini baridi, na mipira kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha. Utandu mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwani unaweza kuletwa na unyevu wa safari fupi.

Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, mwenye gari aombe vipimo viwili. Cha kwanza ni pampu ya mkono yenye geji inayojaza upepo kwenye rejeta. Mshale ukishuka, pana uvujaji. Cha pili ni dawa ya bluu inayogeuka njano inapokutana na gesi ya moshi iliyoingia kwenye maji. Silinda hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haitadumu.

Aidha, tabia ya kutoa themostati na kuitupa haitibu uvujaji. Injini hubaki baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka.

Njiani

Kati ya Kibaoni na Sitalike barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye simba, tembo na nyati. Si mahali pa kushuka ovyo na dumu mkononi, hivyo ukaguzi ufanyike kabla ya kuondoka. Mshale wa joto ukipanda, dereva azime injini mapema. Kifuniko kisifunguliwe kikiwa cha moto, kwani mvuke huunguza vibaya. Maji ya baridi nayo yasimiminwe kwenye injini ya moto, kwani hedi inaweza kupasuka.

Daftari dogo la kuandika lita zinazoongezwa na tarehe yake lingewasaidia wengi. Lita zikizidi kuongezeka wiki hadi wiki, gari lipelekwe kwa fundi kabla halijanoki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.