Madoa Kwenye Ubongo wa Gorila

Ukitoka Goma kwenda Rutshuru unapita Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga nchini Kongo. Hapo kipo kituo cha Senkwekwe, kinacholea gorila wa milimani walio yatima. Ndakasi, aliyejulikana kuliko wote, alifia hapo mwaka 2021 akiwa na miaka 14 tu. Porini wenzake hufika 35 na zaidi. Cantsbee, dume wa upande wa Rwanda, alikufa akiwa na miaka 38. Je, gorila mzee hivyo husahau?

Si swali la utani. Mwaka 2016 watafiti, akiwemo Mnyarwanda Antoine Mudakikwa, walieleza walichokiona kwenye ubongo wa gorila wa milimani walioishi porini maisha yao yote. Wazee walikuwa na madoa ya amiloidi, protini ile ile inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi ya kusahau. Ila protini ya pili, tau, ambayo kwa binadamu hujisokota ndani ya seli za ubongo, ilikuwa haba mno.

Kwa hiyo madoa peke yake si ugonjwa. Kwetu binadamu madoa hayo hutangulia dalili kwa miaka 15 hata 20: mtu analima, anauza sokoni, anakumbuka kila mwenye deni lake (wanaomdai yeye ni habari nyingine), kumbe amiloidi imeshaanza.

Halafu kuna urithi. Jeni ya APOE ina aina tatu kuu: ya 2, ya 3 na ya 4. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, aliyerithi aina ya 4 kutoka kwa mzazi mmoja huwa na hatari ya Alzheimer kama mara tatu. Aliyerithi kwa wote wawili, mara 8 hadi 12. Lakini kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo ulionekana hafifu sana. Hesabu za Ulaya, basi, tusizivae kama nguo ya kuazima. Ndiyo maana naithamini kazi ya Mkongo Jean Ikanga, anayepima amiloidi na tau katika damu ya wazee wa Kinshasa.

Huku kwetu mzee akianza kupotea njia ya nyumbani, wapo wanaonong'ona kuwa ni mchawi. Jamani, mpelekeni kwanza kwa daktari. Usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo, na hayo yana dawa.